Mkono wa Hasifa

Katika picha ile hapakuwa na uso wa mtu. Kulikuwa na kawa tu la kufunikia chakula, limeegemezwa ukutani, mizunguko yake ya rangi nyekundu, manjano na zambarau ikipanda na kupungua hadi kwenye kinundu cha kileleni. Driwaru aliipenda mno. Aliitazama kwa jicho la mwandishi anayeijua kazi yake, akaikata pembeni palipoonekana ndoo na kandambili, akaiweka juu ya maneno aliyoyaandika, kisha akabonyeza. Jina hakutaja, mji hakutaja. Aliandika "mama mmoja ninayemfahamu," na dhamiri yake ikalala fofofo.

Ukurasa wake mtandaoni uliitwa Umande wa Alfajiri. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, alijikunja kitandani nyumbani kwake Arua, simu mkononi, akaandika tafakari fupi ya imani, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kilugbara. Alianza na wasomaji wa kanisani kwao, watu wa kuhesabika kwa vidole. Sasa walikuwa maelfu, wengine Kampala, wengine Juba. Mama mmoja mkimbizi wa kule Omugo alimwandikia kwamba bila maneno yale asingekuwa anainuka kitandani. Kwa hiyo tusimwonee Driwaru. Hakuwa mpiga porojo. Alimpenda Mungu na aliwapenda wasomaji wake, ila siku zilivyosonga alishindwa kujua ni yupi kati yao aliyekuwa akimwandikia.

Siku ya kawa aliandika habari za mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Mama huyo, kila ifikapo saa ya swala, hutandika mkeka, hukaa juu yake, na hasemi neno. Maneno yamemkauka, na hataki kumdanganya Mungu kwa kutikisa midomo. Driwaru akaandika kwamba huenda kimya kile ndicho sala ya kweli kuliko zote alizowahi kuzishuhudia, zake mwenyewe zikiwemo. Ilikuwa kazi yake bora, na uchungu wa hadithi hii umelalia papo hapo. Hata adhuhuri haijafika, watu walishaisambaza kila pembe wakiitikia "Amina." Jumapili Mchungaji Andama akaisoma madhabahuni, na akina mama wakajifuta machozi kwa ncha za vitenge vyao.

Mama wa mkeka aliishi Koboko, na jina lake lilikuwa Hasifa. Alikuwa Mnubi, mjane, akikaa katika ua wa shemeji yake Sulemani, mtu mpole mwenye duka la vitambaa. Driwaru alipangisha chumba katika ua ule miaka aliyofundisha Koboko. Hasifa alimfundisha kukoroga unga wa kisra, ule mkate mwembamba wa Kinubi, naye Driwaru akamfundisha Swadiki, mtoto wa Hasifa, kusoma. Hata alipohamishiwa Arua, wawili hao waliendelea kuitana dada, na haikuwa adabu ya mdomoni. Swadiki alipofariki kwa ajali ya bodaboda kwenye njia ya Oraba, Driwaru alilala matangani pamoja na wenye msiba, akachota maji, akaosha masufuria. Ndipo miezi kadhaa baadaye, jioni moja ya mvua Driwaru alipokwenda kumtembelea, Hasifa akiwa anasuka kawa, akamwambia bila kuinua macho:

"Dada, mimi natandika mkeka, nakaa, basi. Maneno iko hapana. Watu naona mimi hapo juu, nasema Hasifa iko naswali. Mimi naogopa kudanganya Mungu. Ndiyo nanyamaza."

Driwaru alimshika mkono. Hakupata la kusema, na siku ile kukosa la kusema lilikuwa jambo jema kuliko yote aliyowahi kumtendea rafiki yake. Hasifa hakumwambia asimwambie mtu. Nani humwambia dada yake jambo kama hilo? Kisha alipokuwa akiaga, Hasifa akampa kawa lile, lililomalizwa siku hiyo hiyo.

Baada ya tafakari kusambaa, simu ya Hasifa iliita bila kupokelewa. Siku ya tatu ilipokelewa na Shakira, binti wa Sulemani, msichana wa sekondari ambaye kwa kawaida angemchekesha kwanza. Sasa alisema tu, "Anti iko na wageni," akakata. Driwaru akajipa moyo kwamba ni wageni kweli. Jumamosi akapanda gari la Koboko, na moyo wake ulifika kabla yake.

Wageni walikuwapo kweli. Ua ulijaa wanawake walioketi mikekani, mitandio yao imefunika mabega, wakisoma dua kwa sauti ya chini iliyokuwa na utamu wa kumliza mtu. Katikati yao aliketi Hasifa, mikono imepakatwa mapajani, kama bi harusi asiyeulizwa. Alipomwona Driwaru aliinuka, akamkaribisha mbele ya watu kwa heshima zote, akammiminia chai yenye tangawizi, akamuuliza habari za shule. Kisha akasema anakwenda kutazama moto, na Driwaru akamfuata nyuma ya jiko.

"Sikuandika jina yako, Hasifa," alianza yeye kabla hajaulizwa. "Koboko pia sikuandika."

"Jina ya nini?" Hasifa alisema polepole. "Ile kawa iko na mkono yangu. Kwenye pindo, pale nafunga, napitisha uzi nyeusi chini ya nyekundu. Mama yangu alionyesha mimi peke yangu. Koboko hii hakuna mutu ingine nafunga namna hiyo. Hata watoto ya sokoni najua."

"Mimi niliona kawa ni kawa tu."

"Ee. Kwa wewe."

Miaka yote ile katika ua ule, Driwaru alikula chakula kilichofunikwa na makawa ya Hasifa, ya mama mkwe wake, ya majirani waliokuja na zawadi za Idi, na hakuwahi kuyatofautisha. Wanubi wa pale walisoma pindo kama wengine wanavyosoma sahihi. Mwalimu wa watu aliishi kati ya maandishi hayo bila kujua kuwa ni maandishi, akadhani ameficha uso wa rafiki yake ilhali ameubandika mlangoni. Wahenga walionya tusimwage mtama penye kuku wengi. Huyu aliumwaga, tena kwenye sinia la kupendeza.

"Shakira alisoma kwa simu," Hasifa aliendelea. "Kingereza mimi sijui, akageuza kwa Kiswahili, shemeji iko nasikiliza. Mtoto hakujua inaenda wapi. Mimi nilikuwa nasuka. Nikasikia maisha yangu inatoka kwa mdomo ya mtoto."

"Walikasirika?"

"Kasirika ingekuwa afadhali. Wao nahurumia mimi. Shemeji alilia. Akaita wanawake, na wao watu wazuri, wote wazuri. Kila swala nakuja, nakaa na mimi, naangalia mdomo yangu kama inacheza." Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Unajua, dada, kabla ya hii, neno moja ilikuja. Niko juu ya mkeka, ikakuja, moja tu. Nikasema labda kesho ya pili itafuata. Sasa kama nasema kitu, sijui nasema kwa Mungu ama kwa wao."

Na hapo, Mungu amrehemu, Driwaru akatamani kujua ni neno gani. Hakuuliza. Lakini tamaa ile ilimpitia usoni, na Hasifa aliyemzoea miaka mingi akaiona.

"Hata sasa wewe natafuta," akasema.

Driwaru aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Akalia. Akasema ataifuta tafakari ile, na Hasifa akamwambia kwamba walioibeba wameshaibeba. Akasema ataandika kuomba msamaha, mbele ya wale wale wote.

"Huko huko? Hapana. Wewe taandika vizuri, watu talia tena." Hasifa alifuta mikono kwenye kanga. "Mimi niliambia wewe sababu wewe si mutu ya huku. Nikatoa hapa, nikaona taenda nayo Arua, tapotea huko. Kunywa chai yako, dada. Gari ya mwisho isikuache."

Aliporudi Arua, Driwaru aliifuta tafakari ile, akakuta nakala zake zinaogelea kila mahali zikiwa zimebadilishwa hata mwandishi. Kisha akakaa kuandika kwaheri. Alieleza kwa nini mtu wa imani aondoke katika soko la mitandao, akagusia ukimya wa Mungu, akagusia jeraha alilolisababisha bila kulitaja. Iliposomeka vizuri alijikuta akitafuta picha ya kuiambatanisha. Kidole kikasimama. Akakumbuka "taandika vizuri, watu talia tena," akayafuta maneno yote, kisha ukurasa wenyewe, bila hata kuaga.

Mchungaji Andama alimpigia akiwa na wasiwasi wa kweli. "Mwalimu, watu wanauliza kama unaumwa. Wengine wanasema umeacha imani. Talanta haifukiwi ardhini."

"Sijaifukia, Mchungaji. Nimeinyang'anya simu tu."

"Na yule mama wa Omugo uliyetusimulia habari zake? Yeye atasoma nini?"

Driwaru alimwandikia mama yule ujumbe wa peke yake, haukujibiwa. Huenda namba ilibadilika, huenda mama yule alivunjika moyo kwa kunyimwa umande wake bila taarifa. Lilikuwa jeraha jingine, nalo pia Driwaru ndiye aliyelitia. Watu husimulia kuacha mitandao kama mtu aliyetua mzigo. Driwaru hakutua kitu. Alfajiri alipopiga magoti, sentensi zilimjia zimeshapambwa, zina mwanzo wa kuvutia na mwisho wa kugusa moyo, zikitazama huku na huku kutafuta wasomaji. Ilimbidi azikatize moja baada ya nyingine. Zikiisha, kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi cha kumtisha.

Aliendelea kwenda Koboko. Hasifa hakumfukuza, maana mgeni hafukuzwi, na huenda pia kwa sababu hakuwa na dada mwingine. Walizungumza habari za mvua, bei ya maharage, mtihani wa Shakira. Wanawake wa dua walikuwa wamepungua, na ua ulirudia ukimya wake. Siku moja walipokuwa wakila, Driwaru alilifunua sinia, akabaki ameshika kawa jipya mikononi. Alilitazama pindo, kwa kuwa sasa alijua pa kutazama. Lilifungwa kwa uzi mwekundu mtupu, kama la kila mtu.

"Hii ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Na nyeusi?"

"Nimeacha," Hasifa alisema, akamsogezea bakuli la mchuzi. "Kula, iko napoa."

Driwaru alikula. Alitaka kusema samahani mara ya elfu, akaona kwamba hata samahani ingemtaka Hasifa amfariji, naye hakuwa na haki ya kudai hata hilo. Wakamaliza kula, wakanawa, wakavuta ungo wa maharage katikati yao na kuanza kuchambua.

Adhana ya alasiri ikaanza upande wa sokoni. Hasifa akainuka, akatawadha penye birika, akajifunika mtandio, akaingia chumbani mwake. Zamani palikuwa na pazia tu, nalo lilikuwa likipeperuka nusu wazi, mtu wa uani akimwona. Sasa palikuwa na mlango wa mbao mpya, bado haujapakwa rangi. Driwaru alisikia komeo likipita upande wa ndani.

Akasikia mkeka ukikunjuliwa. Kisha hakusikia kitu. Huenda kulikuwa na neno la pili mle ndani, huenda na la kwanza halikurudi tena. Sikio lake lilianza kutega lenyewe, na kichwani sentensi ikaanza kujipanga: mlango, ukimya, mwanamke.

Driwaru akainuka na kigoda chake, akakihamishia upande wa pili wa ua, kwenye jua kali, akaketi akiupa mlango mgongo. Akavuta ungo, akaanza kuchambua kwa kelele za makusudi, kokoto moja moja ikigonga sinia tupu, ili asisikie.