Picha za Mama na Masufuria

Asubuhi nzima dada mtu alipakia folda za picha za marehemu mama yao kwenye kikoa kidogo, ukurasa wa pembeni alioufungua chini ya tovuti ya duka la familia. Aliporudi kutoka jikoni, akafungua ukurasa na kukuta picha za masufuria ya kuuza tu. Kaka yake alikuwa amefuta kila kitu, akapakia bidhaa zake.

"Kaka, umemfuta mama!"

"Si picha tu? Kwani mteja atanunua marehemu?"

Hasira zikampanda dada mtu. Alibadilisha nywila, akayafuta masufuria yote, kisha akaanza kupakia upya, folda baada ya folda.

Kaka mtu akaja juu, akigonga mlango wa chumba alimojifungia dada yake. "Nipe nywila!"

"Kamwombe mama!"