Mbegu Kwenye Vumbi

"Sasa unazika nani, Mama Syokau?" Tajeu aliuliza, ameegemea fimbo nje ya ua wa miiba.

Mbeke hakuinua kichwa. Alichimba shimo, akadondosha punje za mahindi zilizopakwa jivu, akazifunika kwa unyayo. Vumbi likampanda hadi vifundoni.

"Nazika njaa."

Tajeu akacheka, ingawa hakuwa na mengi ya kumchekesha. Ukame wa mwaka huo wa elfu mbili ulikuwa umemwachia ng'ombe mmoja, na mbavu zake zilionekana kutoka barabara ya Namanga.

Mlangoni mwa nyumba ya mabati alisimama Syokau, bintiye Mbeke, na sufuria tupu mkononi. "Mama, hayo ndiyo ya mwisho. Si tungeyapika tu? Mvua yenyewe hakuna."

"Tukiyapika, mvua ikikuja itakuta nini?"

Kwao Machakos, mbegu ndiyo huingoja mvua, kama mwenyeji amngojavyo mgeni. Hapa Kitengela majirani walimwona kama aliyerukwa na akili. Lakini Mbeke alichimba kwa kina, mpaka udongo ukabadilika rangi. Mbegu ya juujuu hudanganywa na manyunyu: huchipuka kwa furaha, kisha jua huikausha. Iliyo chini haiamki mpaka mvua ya kweli iifikie.

Alasiri manyunyu yakaja, yakagonga mabati kidogo, yakapita kuelekea Athi. Jua likatoka tena, kali kama awali.

"Basi," Syokau alisema. "Zimeharibika zote."

Mbeke akapiga magoti, akafukua shimo moja kwa kidole. Chini kule, jivu juu ya mbegu lilikuwa kavu bado. Akatabasamu kama mama aliyemchungulia mtoto akamkuta amelala.

"Haijasikia kitu," alinong'ona, akaifunika.

Jua lilipoanza kushuka, Tajeu alirudi na ng'ombe wake. Akasimama penye ua, akanusa upepo uliotoka upande wa Kajiado.

"Enkai inakuja."

Neno hilo la Kimaasai, Enkai, Mbeke alikuwa amelisikia miaka mingi: kanisani, likiwa Mungu, sokoni, likiwa mvua. Hakuwahi kuuliza. "Nani anakuja, jirani? Mungu ama mvua?"

Tajeu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kwenu ni vitu viwili?"

Miezi yote hiyo Mbeke alikuwa ameomba kama mtu anayemtuma Mungu dukani akalete mvua. Kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kushika kiuno, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu mifugo ya jirani ianze kufa. Tajeu naye akacheka, bila kujua alichosema cha kuchekesha.

Syokau hakucheka. Alilitazama wingu lililosimama juu ya tambarare, jeusi, bila haraka. Kisha akatoka na ile sufuria, akaiweka chini ya ukingo wa paa, mdomo ukielekea juu. Akarudi nyuma, akaangalia. Akaisogeza kidogo, pale mabati yanapodondoshea.