Bitana la Koti la Tarumbeta

Ralambo alikuwa amefunga kifungo cha tatu cha koti lake jekundu alipouona uso wa Mzee Rainizafy mlangoni, akajua kimeharibika kitu. Mzee alikuja kuwakaribisha waimbaji waliotembea tangu alfajiri katika ile baridi ya Agosti. Nyuma yake wanawake wawili walibeba sinia la wali na nyama ya nguruwe iliyoogelea mafuta. Alisimama kizingitini, wala hakuingia.

"Mtavaa hayo?" akauliza.

"Ndiyo mavazi yetu, mzee. Tangu enzi za marehemu baba."

"Hapa kwetu nyekundu haiingii. Hata pilipili tunachuma za kijani." Hakuwa anatania. "Babu yetu wa nne alichukuliwa uani hapa na askari waliovaa nyekundu, na hakikurudi hata kidole. Ukisimama mbele ya kaburi letu na rangi hiyo umemtukana yeye na sisi sote. Hukuuliza?"

Kiongozi yeyote wa kundi la waimbaji, hata yule mlevi asiyejua kushika ngoma, hutuma mtu wiki moja kabla kuuliza nyumba inayowaalika ina mwiko gani. Ni jambo la kwanza unalofundishwa. Ralambo mwenyewe amewafundisha wenzake miaka arobaini, tena kwa ukali. Lakini kwenye nyumba hii mtu wa kuulizwa alikuwa Baholy, shemeji yake, mjane wa mdogo wake Joely, na Ralambo alikuwa hajazungumza naye miaka sita. Alijiambia ataona hukohuko.

"Nitangoja mpaka jua lisimame juu ya kaburi," mzee akasema. "Mkiwa hamna la kuvaa, wenzenu wataimba peke yao. Na lile ombi lako tutalihesabu kuwa halikuletwa."

Akaondoka. Sinia likawekwa chini, na hakuna aliyeligusa.

Ombi lenyewe ndilo lililomleta. Joely alikufa miaka mitatu iliyopita akazikwa hapa, kwenye kaburi la watu wa mkewe, na leo, kwa desturi yao ya kila miaka saba, kaburi lilikuwa linafunguliwa, wafu watolewe, wavishwe sanda mpya za hariri, wachezewe ngoma, warudishwe. Ralambo alitaka mdogo wake asirudishwe humo. Alitaka ambebe kwenda kumlaza nyumbani, ubavuni mwa baba yao. Alikuwa na miaka sabini na tatu, na kikohozi chake cha asubuhi kilikuwa hakingoji tena asubuhi. Kaburi likifungwa leo, halifunguliwi tena mpaka miaka saba ipite. Hesabu hiyo aliifanya kila alipolala.

Nje, kundi la pili, ambalo wangeshindana nalo, lilikuwa linajaribu ngoma. Lilivaa satini ya samawati na vifungo vya rangi ya dhahabu, wanaume kwa wanawake. Ndilo kundi alilolihamia Joely. Yeye na Ralambo waliachana kwa sababu ya nguo, ukitaka ukweli. Joely alitaka wabadilishe. Alisema makoti yanafuka joto, yananuka jasho la babu zao, na watu siku hizi wanataka kuona kitu kinachong'aa. Ralambo akamwambia, mbele ya kundi zima, kwamba anayeona haya kuvaa koti la wazee wake na aende akavae gauni. Joely alicheka, akalivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya sanduku. Kesho yake akaenda.

"Tuvae tulizokuja nazo," alisema Solofo, mpiga tarumbeta, mtu mzima mwenye watoto watano na maneno machache.

"Wewe umekuja na fulana ya mpira," Voahangy, mke wa Ralambo, akamjibu. "Nyekundu pia. Na huyu ana sweta la mkewe, yule ana koti la mvua. Tutaonekana tumekuja kuomba chumvi."

Wanawake wa kundi walicheka kidogo. Wao hawakuwa na shida, magauni yao yalikuwa ya manjano. Lakini kundi ambalo wanaume wake hawakuvaa sare si kundi, na watu wa vilima hivi hawalisikilizi hata liimbe namna gani. Wanaangalia kwanza, ndipo wanasikia. Ralambo alikaa juu ya sanduku, akijikasirikia.

Voahangy alichukua koti moja, akalipindua mikono, akalitikisa mbele ya mumewe.

"Baba Tiana, tazama. Bitana ni kitambaa cheupe cha marekani tupu. Yote ni ya marekani, yote yamekuwa manjano kwa uzee. Tukiyavaa ndani nje, tuna sare, tena tumefanana na magauni yetu. Utepe mwekundu wa kofia zetu tunaung'oa. Haya, geuzeni."

Wanaume wakainuka kama waliofunguliwa kamba. Wakavua, wakapindua, wakacheka, wakaanza kusomeana migongo. Maana ndani ya kila koti, mgongoni, kulikuwa na majina. Ulikuwa utaratibu wa marehemu baba: siku unapokabidhiwa koti, jina lako linashonwa kwenye bitana kwa uzi mweusi, chini ya jina la aliyelivaa kabla yako. Koti la ngoma kubwa lilikuwa na majina manne. La fidla lilikuwa na sita.

Ralambo peke yake hakucheka.

"Solofo," akasema, "usipindue hilo. Nipe mimi."

"Halitakukaa, mzee. Joely alikuwa mwembamba, hata mimi linanibana."

"Nipe, nimesema. Chukua langu."

Voahangy alilidaka kabla yake. Akalipindua na kulitandaza magotini. Koti la tarumbeta lilikuwa na majina matatu ya wafu, halafu nafasi, halafu Solofo. Lakini ile nafasi haikuwa tupu. Uzi ulikuwa umetolewa, ila kitambaa kilichokuwa chini ya uzi hakikupata jua wala jasho, kikabaki cheupe, na matundu ya sindano yakabaki kila moja mahali pake. Joely alisomeka kwa weupe waziwazi, pengine kuliko wale waliokuwa na uzi.

"Uliniambia uzi umeliwa na wadudu," Voahangy alisema polepole. "Nami nikaamini."

"Nilitumia wembe."

"Lini?"

"Usiku uleule alioondoka."

Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu angemgombeza. Alivuta kikapu chake, akatoa sindano na uzi mweusi, akajaribu mara mbili kuupitisha tunduni.

"Nitalishona. Herufi tano. Nani atajua?"

Ralambo alikubali. Na mtu asimhukumu, wewe pia ungekubali. Alimsimamia mkewe akimhimiza, fanya haraka, mama, fanya haraka, huku akichungulia jua kwenye ufa wa dirisha. Voahangy alimaliza J. Uzi mpya ulimetameta pembeni ya nyuzi za zamani zilizofifia, na hata kipofu angejua ni wa leo. Alikuwa anaingiza sindano kwenye herufi ya pili ngoma ya mwenyeji ilipolia kuwaita. Akaukata uzi kwa meno, ncha ikabaki inaning'inia. Ralambo akalivaa hivyohivyo, likimbana mabegani, asije Solofo akaulizwa, na Solofo akavaa la kiongozi.

Uwanja ulikuwa mbele ya kaburi, na watu walikaa pande zote nne. Huo ndio ugumu wa uimbaji wetu: hakuna nyuma. Mwenye hotuba ya ufunguzi hugeukia pande zote, ili kila mtu apate uso wake, na kila mtu apate mgongo wake. Kabla hajaingia, Ralambo alimwona Baholy amekaa mstari wa mbele wa wanawake, lamba jeupe, lile shuka la heshima, limezunguka mabega, mikono imetulia. Alikuwa amenenepa kidogo, au labda alikuwa amezeeka.

Hotuba huanza kwa kuomba radhi. Unaomba radhi kwa kusema mbele ya wakubwa, kwa kuwa mdogo, kwa kukanyaga ardhi ya watu. Kila mtu anajua ni desturi tu, na anayeiomba vizuri hupigiwa makofi. Ralambo alikuwa bingwa wa sehemu hiyo. Akaanza, sauti ikatoka vizuri, wazee wa upande wa mashariki wakaanza kutikisa vichwa. Akageukia kaskazini. Hapo ndipo mgongo wake ulipomtazama Baholy.

Alisikia minong'ono ikipita kwa wanawake. Mtu mmoja alisoma kwa sauti, jina baada ya jina, akafika kwenye nafasi, akanyamaza.

Ralambo akasahau maneno. Arobaini, miaka arobaini, na maneno yamekwenda. Alisimama na mdomo wazi, kikohozi kikampanda, akakohoa mpaka Solofo akamsogelea. Alipopata pumzi akageuka, akamtazama shemeji yake.

"Naomba radhi," akasema, na safari hii haikuwa desturi. "Jina hili nililitoa mimi. Kwa mkono wangu. Alikuwa hajaniibia, hajanitukana. Alitaka nguo mpya tu. Sikuja msibani kwake. Nilisikia amekufa, nikakaa nyumbani nikisubiri mtu aje kunibembeleza. Nimekuja kumchukua, na hata mwiko wa nyumba yenu sikuuliza, kwa sababu niliona haya kukuuliza wewe."

Baholy aliinua kidevu kuelekea lile koti.

"Na hiyo J?" akauliza.

"Tumeishona sasa hivi, shemeji. Ili usijue. Muda haukutosha."

Nyuma huko mtu alicheka, akanyamazishwa. Baholy hakucheka.

"Mmekuja kuimba," alisema. "Imbeni."

Waliimba. Sitasema waliimba vibaya. Solofo alipuliza tarumbeta mishipa ikamtoka shingoni, wanawake walipokezana vizuri, lakini watu wa samawati walipoingia na satini yao, uwanja mzima ulisimama, na mshindi hakuhitaji kutangazwa. Ralambo hata hakuangalia. Alikuwa anaangalia mlango wa jiwe wa kaburi, ambao vijana walikuwa wamekwisha uondoa.

Wafu walitolewa mmoja mmoja kwenye mikeka, majina yao yakitajwa. Joely alitoka wa tano. Sanda mpya ikafungwa juu ya ile ya zamani, wanawake wakampaka manukato, mtu akamnyunyizia pombe kali aliyoipenda. Hapo Mzee Rainizafy akainua mkono, akalitaja ombi la Ralambo mbele ya wote, akamgeukia Baholy, kwa sababu neno lilikuwa lake.

"Haendi," Baholy alisema.

Ralambo alipiga magoti. Mtu mzima vile, mbele ya watoto wa watu. "Shemeji, nakuomba. Baba yupo peke yake kule. Mimi nami sina siku nyingi."

"Usipige magoti, utachafua koti." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililomkata Ralambo tumaini. "Aliumwa miezi minne. Kila kikundi kikipita barabarani aliuliza, ni wao? Nikimwambia siyo, anageukia ukuta. Angekuja hata Solofo. Angekuja hata mtu na salamu. Ningekupa mifupa yake kwa sababu umeimba? Mimi ndiye niliyemfunga sanda, na yeye atalala ninapokwenda kulala."

Kisha akaongeza, "Lakini unaweza kumbeba."

Basi akambeba. Wafu huzungushwa kaburi mara saba mabegani kwa ndugu zao, kwa ngoma na kucheza, na ni marufuku kulia, maana siku hiyo ni ya furaha yao. Solofo alishika upande wa miguu, Ralambo upande wa kichwa. Alicheza. Alikuwa amesahau kwamba mtu mzima anaweza kuwa mwepesi hivyo. Makundi yote mawili yalipiga pamoja, samawati na manjano, na yeye alicheza akisema na lile furushi kwa sauti ya chini: ni mimi, Joely, ni mimi, tumelipindua koti, umeona, limekuwa jipya. Mzunguko wa nne alianza kuishiwa pumzi. Wa sita Solofo alimwuliza kama wapokezane, akakataa.

Wa saba ulipokwisha, Solofo alipunguza mwendo. Ralambo hakupunguza. Alimvuta Solofo na mfu pamoja kuanza wa nane, na wapiga ngoma, kwa aibu au kwa huruma, hawakuacha kupiga. Walifika kona ya kwanza. Baholy alikuwa amesimama pale.

"Shemeji. Saba zimekwisha."

"Mmoja tu."

"Saba zimekwisha," alirudia, akaweka mkono wake juu ya sanda, na Ralambo akahisi uzito ukiondoka begani.

Walimwingiza. Jiwe likarudishwa, na udongo ukaanza kusindiliwa kwenye nyufa. Ralambo alikaa chini, mgongo ukiutazama mlango. Baholy alikuja nyuma yake. Akaishika ile ncha ya uzi iliyoning'inia, akaivuta kidogo, kujua kama imekaza.

"Tutafungua tena baada ya miaka saba," alisema. "Uje uulize tena."

"Nitakuwa na themanini, shemeji. Sitafika."

"Basi umshonee jina lake kabla hujafa," Baholy alijibu. "Na ushone mwenyewe, usimpe mkeo."

Njiani kurudi, Ralambo alikaa ukingoni mwa shamba la mpunga, akalivua koti la Joely, akamwomba Voahangy sindano. Wengine walisimama wakamngoja. Jua lilikuwa bado lipo, lakini macho yake hayakuliona tundu, akajichoma kidole mara mbili kabla uzi haujapita. Hakutaka asaidiwe. Solofo, aliyekuwa amevaa koti la kiongozi lililompwaya, alichutama kando yake akalinyoosha bitana kwa mikono miwili lisijikunje.