Ufunguo Uko kwa Custódia

Kwenye mlango wa kikanisa cha Santa Eufémia, juu ya kilima cha Vale da Urze, kulikuwa na kibao cha bati chenye maandishi meupe: Ufunguo uko kwa Custódia, nyumba ya pili baada ya chemchemi. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Kanisa likiwa dogo na padri akiwa wa kuja kwa msimu, ufunguo hukaa kwa mwanamke wa jirani. Anayetaka kuingia humgongea, huamkiana naye, kisha mwenye ufunguo hujifunga kitambaa kichwani na kupanda naye hadi mlangoni.

Custódia aliupokea ufunguo ule kwa mama mkwe wake, ambaye naye aliupokea kwa wake. Ndani ya kanisa mna picha ukutani za mtakatifu akitupwa kwa simba. Aliyechora hakuwa amewahi kumwona simba hata siku moja, na Custódia alipenda kuwaeleza wageni kwamba ndiyo maana simba wale wana nyuso za wanaume waliotoka kugombezwa na wake zao. Wageni wakicheka, na yeye alicheka nao kama vile ni mara yake ya kwanza kulisema.

Mimi ni mnoaji visu. Nimezunguka nchi ya juu na baiskeli yangu yenye jiwe la kunolea tangu ndevu hazijaota, na Vale da Urze nilikuwa napita kila mwaka mara kadhaa. Zamani barabara ilitoka bondeni ikapita kwenye chemchemi, ikapita mlangoni kwa Custódia, ndipo ikapanda kwenda kanisani. Mgeni alikutana naye kwanza. Kisha watu wa wilaya wakachora njia ya baiskeli. Ni njia nzuri, sikatai. Inatoka kwenye daraja la Warumi bondeni, inazunguka magofu ya watawa, inapita nyuma ya mlima katikati ya mizeituni, inatokea juu kabisa kwenye kikanisa, halafu inashuka moja kwa moja kupita kijijini mpaka bondeni ilikoanzia.

Kwa hiyo ufunguo ukabaki upande usiofaa. Waendesha baiskeli walifika mlangoni kwanza, wakakisoma kibao, wakaangalia chini kule chemchemi iliko, na miguu yao ikawajibu. Nani atashuka mteremko wote ule, amchukue bibi kizee, apande naye tena? Walipiga picha mlango, wakanywa maji, wakaachia breki. Sisi tuliokuwa chini tulisikia mvumo tu, kama shuka linalochanwa, na tayari wamepita. Custódia alikaa kwenye kiti mlangoni kwake, ufunguo mapajani. Kila walipopita aliinua mkono. Wachache waliwahi kuinua wao. Wengi hawakuwahi, maana pale pana kona.

Mwanawe Anselmo anafanya kazi ya vigae Luksemburgi. Mwezi wa nane alikuja, kama wanavyokuja wote wanaofanya kazi nje, akakuta paa la jikoni limeinama na mama yake amepungua. Alikuwa amemtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee mjini, chenye dirisha na joto wakati wa baridi. Custódia alimjibu kwamba hawezi kuondoka kwa sababu ana ufunguo. Wakavutana hivyo siku nzima, na mimi nimekaa uani nikinoa mkasi wake, sina pa kujificha.

Mwishowe Anselmo akasema basi, wakubaliane. Mtu mmoja tu akija kuomba ufunguo kati ya siku ile na sikukuu ya Bikira mwezi wa tisa, mama atabaki na yeye hatalizungumza tena jambo hilo. Asipokuja hata mmoja, mama anafunga virago. Custódia akakubali haraka mno, kama mtu aliyesikia hodi tayari.

"Na mzee Belarmino hahesabiki," Anselmo akasema.

"Huyu?" Custódia akanitazama. "Huyu miaka yote hajakanyaga mle ndani. Anaogopa Malaika Mikaeli wa mle atampa upanga aunoe bure."

Ni kweli sikuwahi kuingia. Nilikuwa nikifika, nanoa, nakunywa supu yake ya kabichi, naondoka. Wakati wote nilidhani simba wale hawana haraka.

Jioni ile nilimwambia Custódia kando kwamba nina rafiki mgahawani kijiji cha pili, naweza kumtuma aje aombe ufunguo, Anselmo hamjui. Akanikatalia. Akasema kama angekuwa mtu wa kukodi watu angeshakodi mume siku nyingi. Alimtaka mgeni, lakini alitaka aje kwa miguu yake mwenyewe na hamu yake mwenyewe.

Hapo nikafanya nilichoweza. Njia ile ni duara, na alama zake ni vibao vidogo vya mshale vilivyofungwa kwa waya kwenye nguzo. Koleo ninalo, baiskeli ninayo. Nilizunguka duara zima tangu alfajiri, kibao baada ya kibao, nikaigeuza mishale yote itazame ilikotoka. Sasa wangeanzia bondeni, wangepanda, na kabla ya kufika kanisani wangefika kwa Custódia, tena taratibu, ulimi nje. Sikumwambia mtu.

Jumapili wakaja. Walikuwa wanaume wa mji wa pwani, wamevaa nguo zinazobana matumbo, nyuso nyekundu kama pilipili. Walipofika kwenye chemchemi walishuka wenyewe bila kuambiwa. Custódia aliinuka kabla hawajatia mguu chini.

"Bibi, nani aliyechora njia hii?" akauliza mmoja, akiwa ameinamia usukani. "Nataka nimshike shingo tu, sitamuumiza."

Mimi nikawa natazama jiwe langu.

Custódia akawajazia chupa kwa mkono wake. Akawaletea tini kwenye bakuli, na wakazila zote, wakamshukuru, mmoja akambusu mkono. Watu wazuri. Akawauliza wametoka wapi, wana watoto wangapi, nani kati yao ndiye mvivu, wakamwonyesha wote kwa pamoja aliye mnene. Halafu akautoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Aliushika tu mahali wanapoweza kuuona.

"Huo wa nini, bibi?"

"Wa kanisa lililo juu. Mle ndani mna simba."

"Ah. Nikisimama zaidi ya hapa magoti yanaganda. Mara nyingine, bibi."

"Mara nyingine lini?"

Akacheka, akapanda baiskeli yake. Wenzake walikuwa wameshakata kona.

Ikawa hivyo kila Jumamosi na Jumapili. Walikuja kwa makundi, wakanywa, wakala tini mpaka mti ukaisha, wakaziloanisha kofia zao, wakaondoka. Juu walikuta kibao kinachowaambia ufunguo uko kule walikotoka, kwa yule bibi wa tini. Nani arudi chini? Nilikuwa nimeugeuza mlima mzima na haukusaidia kitu.

Anselmo alikuwa akikaa chini ya mzabibu, anaona kila kitu. Hakumcheka mama yake. Siku moja, kundi likiwa limeshaondoka, alimwambia polepole kwamba watu hawa wanataka maji, na maji bomba linatoa lenyewe. Nikadhani Custódia atabisha, atasema maji nayo ni kitu, kumgongea mtu ni kumgongea. Angebisha ningemuunga mkono.

"Tulisema ufunguo," akajibu. "Hawajaomba ufunguo."

Akaingia ndani kukoroga supu.

Siku ya sikukuu padri alikuja, kanisa likafunguliwa, wakaja hata watu wa Ufaransa na Uswisi waliozaliwa pale kijijini. Lakini hao ni watu wa nyumbani, na siku hiyo mlango huwa wazi hata hivyo. Hakuna aliyeomba. Walipotawanyika Custódia alibaki akafagia nta sakafuni, akafunga, akampa Anselmo ufunguo mkononi. Anselmo akaupeleka ofisi ya kata mjini. Nyumba ikafungwa madirisha. Baada ya muda watu wa wilaya wakaja wakairudisha mishale ilivyokuwa, wakalaumu upepo.

Nilikaa mbali na Vale da Urze mpaka wakati wa njugu za msituni, zile tunazochoma kwenye makaa wakati baridi inaanza. Nikapita Jumamosi moja kwa mazoea tu, visu vya kunoa havikuwepo. Waliobaki pale hawajazi hata meza moja ya karata. Nikaiegemeza baiskeli kwenye chemchemi nikala mkate wangu.

Nikasikia breki zikilia juu. Sikusikia ule mvumo. Hizi zilikuwa breki za mtu anayetafuta kitu. Alikuwa mwanamke peke yake, nywele zina mvi, matope mpaka shingoni. Akaja mpaka chemchemi, akageuka, akahesabu nyumba kwa kidole, akashuka kwenye baiskeli mbele ya ile ya pili. Akagonga. Akarekebisha nywele chini ya kofia, akagonga tena. Nilimtazama tu, mdomo una mkate.

Akaja kwangu. "Shikamoo mzee. Bi Custódia hayupo?"

Alilitaja jina kama mtu anayemfahamu. Nikamuuliza anamtakia nini.

"Ufunguo. Nimeshuka nimfuate. Nimesikia mle ndani mna simba."

Nikamweleza. Ufunguo uko mjini, ofisi inafungwa Jumamosi, na Custódia mwenyewe yuko mjini. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akauliza kama atarudi, nikasema sijui. Akatazama mlima alioshuka, akautazama mlango, akaketi kwenye kizingiti cha Custódia akatoa jibini na tofaa. Akanigawia.

"Basi niambie wewe. Wakoje?"

Sikuwa na la kusema kwa macho yangu. Nikampa yale ya Custódia, nyuso za wanaume waliogombezwa na wake zao. Akacheka kidogo, kwa adabu. Lile neno halikutoka vizuri kinywani mwangu. Mwenyewe hulisema akiwa ameshika taa, na wewe unawaona simba.

Alikaa pale mpaka jua likaingia nyuma ya mlima na mawe yakaanza kutoa baridi. Alikuwa na treni ya kuwahi. Alipanda baiskeli, akageuka mara moja kuitazama nyumba, akaenda.

Kesho yake nikaendesha mpaka mjini. Barabara ile ni ndefu kwa umri wangu na mvua ilinikuta njiani. Kwenye nyumba ya wazee walikuwa wamewapanga vitini mbele ya televisheni isiyotazamwa na mtu. Kulikuwa na joto, Anselmo hakudanganya. Custódia alikuwa amevaa sweta lisilo lake, jina la mwanamke mwingine limeshonwa kolani. Alinitambua, akaniuliza kama nimekula, na hapo maswali yakamwishia.

Nikamwambia amekuja mtu.

Hakushtuka. Alisogeza kiti chake karibu na changu na kunitaka nianze mwanzo. Alitokea upande gani, bondeni au juu?

"Juu."

"Kwa hiyo alisoma kibao, akashuka."

"Alishuka."

"Akagonga?"

"Mara mbili. Katikati akatengeneza nywele."

Hilo lilimpendeza. Akaniuliza mwanamke ni wa umri gani, alikuwa na koti, alikula nini, jibini ilikuwa ya mbuzi au ya kondoo. Nikamjibu yote niliyoyajua. Nilipofika mwisho akaniweka mkono kwenye goti.

"Alisubiri sana?"

Ningeweza kusema kidogo tu. Nikasema kweli.

"Mpaka jua likaingia."

Custódia akatazama dirisha, ambalo linaonyesha maegesho ya magari. Halafu akainama kupapasa chini ya kiti kwa mkono, akatoa ndara za kitambaa, akazitazama, akazirudisha. Akamwita msichana anayewahudumia.

"Mwanangu, viatu vyangu vya nje mmeviweka wapi?"

"Vya nini, bibi? Mvua inanyesha."

"Nina mtu mlangoni."

Msichana alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Akasema vitaletwa baada ya supu. Custódia akashukuru, akafunga vifungo vyote vya sweta lile mpaka shingoni, akakaa wima ukingoni mwa kiti. Supu ilipoletwa aliisogeza upande wangu. Sikuinywa. Tukakaa hivyo, bakuli katikati yetu, mpaka ikapoa.