Sweta la Kijani Kwenye Kasha

Kliniki ile niliiendea shingo upande. Mjukuu wangu alikuwa hasemi tangu tulipomzika mama yake, binti yangu wa pekee. Mama yake ndiye aliyemwita Chiriku, maana tangu kuamka mpaka kulala mdomo wake haukupumzika. Sasa ukimwuliza kama ameshiba, anatikisa kichwa tu. Daktari akatutuma chumba cha nyuma, wanakotibu watoto kwa maigizo.

"Mtoto amefiwa," nikamwambia, "nyinyi mnampeleka kwenye sarakasi?"

Chumbani mlikuwa na mikeka ya plastiki, kasha la nguo kuukuu na watoto wenye kelele za kupasua ngoma za masikio. Mwalimu wa maigizo, binti mdogo tu, walimwita Anti. Sheria yake ilikuwa moja: ukivaa nguo ya kasha ukawa mtu mwingine, huendi nyumbani mpaka uivue, uikung'ute, useme wewe ni nani hasa. Kibonge mmoja alikung'uta koti akasema, "Mimi si polisi, mimi ni mtoto wa fundi cherehani." Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikasonya.

Wiki nenda, wiki rudi, Chiriku alikaa ukutani akitazama. Nyumbani nilimwomba neno moja, hata la kunitukana. Nilishazika mmoja, na huyu nilimwona akinipotea huku namshika mkono. Niliogopa sana.

Siku moja Anti akamwambia, "Leo zamu yako. Nani awe mama?"

Chiriku akatoa sweta la kijani kwenye kasha, akawapita watoto wote, akaja mpaka kwenye kiti changu karibu na mlango.

"Mimi? Na uzee huu?"

"Mwenyewe kachagua, bibi," Anti akasema.

Nikalivaa. Lilinibana mabega. Chiriku akajilaza mkekani, akaninyooshea mkono. Nikavua viatu, nikapiga magoti yangu mabovu, nikampapasa kichwa kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma, kama binti yangu alivyomfanyia kila siku. Na binti yangu alijifunza kwangu.

"Lala, mama," nikamwambia. Akafumba macho.

Anti akatangaza muda umekwisha, tuvue. Watoto wakavua na kukung'uta. Mimi nikabaki nimeshika vifungo.

"Bibi, sema tu, 'Mimi si mama yake.'"

Ningesemaje? Nikilivua, binti yangu anakufa tena, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi, ambaye makaburini sikutoa hata chozi moja, nikalia mbele ya watoto wa watu.

Chiriku akaketi. Akanifungua kifungo cha juu, kisha cha chini yake, polepole, kama anamvua mgonjwa. Akalitoa sweta, akalikung'uta.

"Wewe si mama," akasema. Sauti ilikwaruza. "Mama amekufa. Wewe ni bibi yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Neno nililoliomba usiku na mchana lilikuwa limekuja, nami sikuwa na pa kulipokelea. Nilimkumbatia tu, nikalia hadi nikaishiwa pumzi.

Alinisubiri ninyamaze. Kisha akalikunja sweta, akalirudisha kwenye kasha, akanipa viatu vyangu twende nyumbani.