Aliyekataa

Mikono mitatu ilikuwa juu. Wangu ulikuwa umelala kwenye cherehani, umeshika mkasi ambao sikuwa na kazi nao.

"Wanaounga mkono ni watatu," alisema Musili, kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani. Hakuuliza wanaopinga ni wangapi. Alifunga daftari, akageukia dirisha na vilima vya Iveti vilivyozama katika ukungu wa Julai.

Tulikuwa wanne tu. Kwa miaka kumi na minane tulikutana katika chumba cha nyuma cha duka langu la ushonaji, hapa Machakos mjini, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri: Musili, mwalimu wa historia, Firdaus, muuguzi, Mwelu, mkulima wa Iveti, na mimi, Ayub, fundi cherehani. Tuliitana makomredi bila kucheka. Chama chetu cha wanyonge kilikuwa kidogo hivi kwamba hata polisi hawakujisumbua kutufuata. Mwaka ule kilishindwa kukusanya sahihi za kutosha kusimamisha mgombea wa urais, tukabaki na swali moja: tumpigie kura mgombea wa muungano mkubwa, au tukae kando?

Swali hilo lingekuwa jepesi kama mgombea angekuwa mtu mwingine. Zamani, kabla siasa haijamtakasa, alikuwa mkurugenzi wa machimbo ya mawe upande wa Mavoko, ambako mimi na Muthoka, mume wa Mwelu, tulichonga mawe bega kwa bega. Tulipogoma, tuliketi langoni siku tisa. Siku ya kumi aliamuru malori yatoke. Lori la kwanza halikusimama. Muthoka alikuwa mstari wa mbele. Mimi nilikuwa nimeondoka kidogo kutafuta maji, na niliporudi na mtungi nilikuta watu wamesimama kimya kama walio kanisani. Mkurugenzi alikiita kifo kile ajali, na hilo likabaki kuwa jina lake.

Basi siku ile nilizungumza sana. Nilisema mpinzani wake ni mbaya, kweli, ametangaza hadharani kwamba atapiga marufuku migomo na kuwaachia wafanyabiashara hospitali. Lakini kuna mikono, nilisema, ambayo mtu haishiki hata akiwa anazama. Nilitaja damu. Nilimtaja Muthoka mara nyingi kuliko nilivyokuwa nimemtaja miaka yote ile.

Mwelu alingoja hadi nikamaliza. Binti yake, Mutindi, alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki walisafiri hadi Nairobi akasafishwe damu, na mgombea yule alikuwa ameahidi mashine zaidi katika kila kaunti.

"Shemeji," alisema polepole, "Muthoka alikufa. Mutindi bado. Usipige kura na kaburi ya bwanangu."

Ndipo mikono ikainuliwa.

Niliwaambia watafute chumba kingine. Firdaus alisuuza vikombe, akavipanga, na wote wakatoka kupitia dukani, mmoja mmoja, wakikwepa sare za shule nilizokuwa nimetundika.

Sikujua Jumamosi ni ndefu vile. Mke wangu, Rehana, alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mitatu kabla, na wanangu waliishi Syokimau, wakinipigia simu wanapokwama kwenye foleni ya magari. Nilikuwa nikiinamia kitambaa, nikajikuta nimeinua kichwa kumjibu Musili, naye hayupo. Nilipokutana naye sokoni alinisalimia vizuri mno, kama unavyomsalimia mtu msiyejuana naye sana.

Siku ya kura, Jumanne, nilipanga foleni mapema katika uwanja wa shule ya msingi. Nilikuwa nimeamua: karatasi ya urais ningeitumbukiza bila alama. Mbele yangu, kama watu kumi hivi, alisimama Mwelu. Mutindi alikuwa amemwegemea, uso umemvimba, miguu imemjaa hata viatu havikufungika. Watu waliwaambia wapite mbele, Mwelu akakataa kwanza, kisha akakubali. Alipogeuka kushukuru macho yetu yalikutana. Akainamisha yake.

Katika kile kibanda cha karatasi ngumu nilimtazama mgombea pichani. Alikuwa amezeeka. Nilitafuta hasira yangu, nami nilikuwa nimeitunza vizuri, nikaikuta ipo mahali pake. Pamoja na hiyo hasira, nikaweka alama kwenye kisanduku chake. Nikakunja karatasi, nikatoka na kidole chenye wino.

Ningeweza kwenda kwao jioni ile ile na kuwaambia. Nilifika hadi karibu na nyumba ya Firdaus, walikokutana siku hizo, nikasikia sauti zao ndani, nikarudi.

Alishinda. Mashine zikaja, si zote alizoahidi. Mwaka uliofuata wachimba mawe waligoma tena, wakapigwa virungu, na rais wetu akasema sheria ni sheria. Musili aliacha mambo ya chama. Firdaus alihamia Matuu kwa dada yake. Vijana wa chuo walianza kuja dukani kunisikiliza, wakiniita mzee ambaye hakuinama. Mara ya kwanza sikuwaambia nilivyopiga kura, kwa sababu ya haya. Mara ya pili nilikuwa nimeshachelewa.

Mwezi uliopita Mwelu aliingia dukani, mara ya kwanza tangu siku ile. Alileta gauni la Mutindi la kupanuliwa. Amenenepa, alisema, na sasa anauza matunda karibu na stendi. Tulizungumza kuhusu mvua, na mahindi yaliyokauka. Alipofika mlangoni alisimama.

"Siku ile nilikukasirikia, shemeji. Lakini nikilala huwa nafikiria, mimi niliinua mkono kwa sababu ya huyu aliye hai. Nikajua Muthoka naye ako na mtu wake mmoja alikataa. Hiyo imenisaidia sana."

Alikuwa akinitazama usoni, bila kuinamisha macho.

Nilikunja gauni, nikalikunja tena. Nikamwambia litakuwa tayari Alhamisi.