Uzi Mdomoni mwa Bi Mkubwa

"Tena?" fundi cherehani aliuliza, akipiga magoti. Paka alikuwa ametapika kwa mara nyingine, safari hii juu ya suruali ya mteja iliyokuwa ikisubiri pindo. Yalikuwa mapovu matupu. Maziwa aliyopewa asubuhi ili tumbo litulie yalikuwa yametoka yote, na tangu jana hakuwa amegusa chakula.

Miaka yote fundi alimwita mpangaji asiyelipa kodi. Paka alikuwa wa mkewe. Ndiye aliyemwokota, akamzoesha kulala chini ya cherehani yake, pale pale dukani. Mke alipofariki, cherehani ile ilifunikwa shuka, na paka akaendelea kulala chini yake kama mtu aliyeambiwa asubiri. Fundi alijifanya haoni. Lakini leo aliogopa, tena sana. Huyu naye akiondoka, humu ndani atabaki na nani?

Fundi viatu wa mlango wa pili alichungulia. "Mpe vile vidonge vyako vya tumbo. Nusu tu."

"Ngoja kwanza."

Alikuwa ameona kitu: ncha ya uzi wa kijani, ikitokeza pembeni mwa mdomo wa paka.

Vidole vyake vilikwisha kuufikia. Ndivyo alivyo, akiona uzi unaning'inia, anauvuta, hata kwenye kola ya mtu asiyemjua aliyesimama mbele yake kwenye foleni. Mkewe alikuwa akimcheka, akisema ipo siku atamfumua mtu mzima. Akauhisi uzi ukikaza. Paka akatoa sauti nyembamba ambayo fundi hakuwahi kuisikia, naye akaachia kama aliyeungua. Akampigia simu daktari wa mifugo.

"Umeuvuta, baba?" daktari aliuliza.

"Kidogo."

"Usiuvute tena, wala usiukate. Ukiwa umenasa ndani, ukiuvuta unaweza kukata utumbo. Maziwa basi, na dawa za binadamu usimpe kabisa. Mlete sasa hivi."

Akamlaza kwenye kikapu cha vitambaa, akamwachia fundi viatu duka, akatoka na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Jina la mgonjwa?" msichana wa mapokezi aliuliza.

Fundi alijikohoza. "Mke wangu alikuwa akimwita Bi Mkubwa. Alisema ndiye mwenye nyumba, sisi wengine tumekaribishwa."

Msichana alicheka. Fundi naye alitaka kucheka, ila akainama kukiweka sawa kikapu. Lilikuwa jina ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka.

Alikaa kwenye benchi mpaka daktari alipotoka, kofia ya upasuaji ikiwa mkononi.

"Tumeutoa. Utumbo ulikuwa umeanza kujikunja, ila haujatoboka. Sasa tusubiri aamke."

"Na pale nilipouvuta?"

"Uliacha mapema, baba."

Akaruhusiwa kukaa naye. Bi Mkubwa alikuwa amelala ubavu, tumbo limenyolewa, na katikati yake mshono mdogo, ulionyooka. Fundi aliukagua kwa jicho la kazi. Kazi safi, akakiri moyoni. Ila mwishoni, baada ya fundo, kipande cha uzi kilikuwa kimeachwa kirefu kuliko ambavyo yeye angekiacha.

Vidole vikaanza kusogea. Fundi akaikalia mikono yake yote miwili, akabaki akiyatazama macho yaliyofumbwa.